Simu Yenye Mpini

"Kama ni ya zahanati, mbona ina mpini?"

Mkunga aliniuliza hivyo nilipoishusha simu ya setelaiti garini. Zahanati yake ilikuwa magharibi ya Dodoma, mbali kabisa na nguzo ya mwisho ya simu. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, ajira yangu ya kwanza, mradi wa afya, na kazi ya kuchagua simu nilipewa mimi. Nilipendekeza ile inayofungwa juu ya paa, waya wake uingie hadi chumba cha kujifungulia. Mkurugenzi wetu akaagiza ya kubebeka, kama mkoba wa wakili.

"Ya paani itaibwa," alisema.

Mimi niliyekuwa nikibishana hata na wahubiri, hilo nililikubali. Pale ofisini, ni yeye peke yake aliyesoma ripoti zangu hadi ukurasa wa mwisho.

Nikamfundisha mkunga. Unaiweka uwanjani, mbali na migunga. Unafunua kifuniko, maana ndicho antena, unakielekeza mashariki na kukiinua taratibu mpaka mlio wa vipande vipande uwe mmoja mrefu. Ukisema, unasubiri, kwa sababu sauti inapitia angani kwanza.

Akapiga hospitali ya mkoa. Akapokea daktari kijana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Kimya.

"Shikamoo, mama."

"Nimeshaitikia, mwanangu. Unataka ngapi?"

Wajawazito waliokuja kliniki walicheka mpaka wakashika matumbo.

Wafadhili walikuja, wakapiga picha, wakaondoka. Mkurugenzi akaifunga simu na kuibeba.

"Betri inasumbua. Inakwenda kwa fundi, itarudi wiki ijayo."

"Mimi haijanisumbua," mkunga alisema.

"Mama, hayo tuachie wataalamu."

Mkunga hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

Haikurudi. Kila nilipouliza ofisini kwetu Makole, Dodoma mjini, jibu lilikuwa kwamba bado iko kwa fundi. Kisha mwanamke mmoja akashikwa na uchungu, mtoto akitanguliza miguu. Mkunga alimtuma mtu kwa baiskeli hadi barabara kuu akatafute gari. Gari lilipopatikana, mama alikuwa hai bado. Mtoto alikuwa ameshakufa.

Nilimpelekea mkurugenzi habari hiyo. Alivua miwani, machozi yakamlengalenga. Akasema hilo ni pigo letu sote. Nilitoka mle nikimwonea huruma yeye.

Miaka mingi baadaye nilikutana Nzuguni na aliyekuwa dereva wetu, mzee sasa, amestaafu. Kwake ndiko nilikojua kwamba simu haikufika kwa fundi yeyote. Ilipotoka zahanati ilipelekwa moja kwa moja kwenye kambi ya uwindaji ya shemeji yake mkurugenzi. Na siku ile mtu wa baiskeli alipokuwa akitafuta gari, gari letu la mradi lilikuwa njiani kupeleka barafu kambini, iliyoagizwa kwa simu hiyo hiyo.