Vibamba vya Kemba

Zamani mtu alileta gari gereji, akaacha funguo mezani na kumwachia fundi aamue. Siku hizi analeta kifaa ndani ya boksi, uamuzi ameshaufanya kwenye simu, na anachotaka kwa fundi ni mikono tu.

Fundi Timazi aliyavumilia hayo kwa wateja, maana wateja ni watu wa kupita. Kwa binti yake mwenyewe yalimchoma.

Binti huyo alikulia katika gereji ile ile baada ya mama yake kufariki, akifanya kazi za shule juu ya meza yenye vaisi ya kubania vyuma. Alipoolewa, gereji ilipoa. Mumewe alikuwa mtu wa ofisini, mpole, mwenye mzaha wa chini chini. Wawili hao wakanunua gari la michezo la viti viwili, kuukuu lakini lenye injini nzima, wakawa wanalishindanisha Jumapili kwenye uwanja wa ndege ulioachwa. Kwa ajili ya gari hilo binti alianza tena kuja gereji kila Jumamosi. Mzee hakuwahi kumwambia mtu kwamba Jumamosi zake zilikuwa tupu. Alilisema vibaya gari hilo kila siku, na kila Jumamosi alifagia mapema.

Shida ya gari ilikuwa moja. Kwenye kona lililalia ukingo wa nje wa tairi za mbele na kuzila upande. Zilihitajika ziinamie ndani kidogo kwa juu, na gari lenyewe halikuwa na mahali pa kurekebishia. Mwinamo huo mafundi huuita kemba, na dawa ni vibamba vya kemba: vipande vya chuma vinavyofungwa chini ya boneti, juu ya kichwa cha shokapu, ukivisogeza na gurudumu linainama.

"Baba, tuchukue vya aina gani?" binti aliuliza.

Swali hilo lilimkaa mzee moyoni wiki nzima. Aliazima sampuli mbili dukani, akazigeuza, akazibonyeza kwa kidole gumba. Moja ilishika shokapu kwa mpira, nyingine kwa beringi ya chuma kitupu. Akachagua ya mpira, na sababu akazitoa: gari linaloshindana Jumapili linakwenda kazini Jumatatu, barabara zina mashimo, chuma kitupu kitawaletea kila kokoto masikioni na vumbi litakimaliza. Binti aliitikia kwa kichwa.

Jumamosi iliyofuata binti alikuja na boksi, mumewe nyuma yake. Ndani mlikuwa na vya beringi. Wenzake wa mashindano walijadiliana kwenye kundi lao la simu, alieleza, wakapiga kura. Wote walisema mpira unalegea kwenye kona kali na gurudumu halibaki ulipoliweka.

"Kura," mzee alisema. "Tangu lini chuma kinapigiwa kura? Mimi uliniuliza nini sasa?"

"Nilikuuliza maoni, Baba. Sikusema nitayafuata."

Mkwe akajaribu kupoza, akisema hakuna aliyekusudia kumvunjia heshima. Mzee akamgeukia na kumuuliza yeye alishika spana lini.

"Jana," mkwe alijibu. "Nilifungulia soda."

Binti alicheka. Mzee hakucheka. Watu ambao hawajawahi kunusa grisi walikuwa na kura moja moja, na yeye aliyezeekea chini ya magari hakupewa hata hiyo moja.

Lakini alivifunga. Hasira zilimfanya awe nadhifu zaidi. Alilishusha gari kutoka kwenye jeki, akamwamuru mkwe alisukume mbele na nyuma, hivyo hivyo na viatu vyake vya ofisini, ili springi zikae. Sakafu ile mzee aliimwaga mwenyewe kwa pima maji. Binti akaambiwa aingie, kwa kuwa kipimo bila uzito wa dereva ni bure. Mzee akaning'iniza uzi wa timazi wenye risasi nchani kando ya gurudumu, akapima juu na chini kwa rula ya chuma, akasogeza, akapima tena.

"Usijitingishe."

"Nimetulia, Baba."

Alipokaza nati ya mwisho, alinyoosha mkono apewe ufunguo. Hiyo ilikuwa sheria ya gereji: gari likitoka mikononi mwa fundi, yeye ndiye wa kwanza kulionja, mwenye gari akikaa pembeni. Binti akasema kiti kimefungwa kwa kipimo chake, kukifungua ni kazi, nao wanasubiriwa uwanjani kwa majaribio. Watalionja huko huko.

"Likitoka getini sijalionja, lisirudi hapa."

Alisema kama baba wa zamani, akingoja abembelezwe. Enzi hizo watu walijua la kufanya: wangekaa, wangemsihi, ufunguo ungemfikia na wote wangecheka. Mumewe aliingia kando yake, na binti akafunga mkanda.

"Umesema mwenyewe," akamjibu, akawasha.

Sasa wanapeleka gari kwingine, kwenye mashine inayopima kwa mwanga, na mzee hajatuma mtu kuwaita. Mara ya mwisho aliwaona siku hiyo hiyo, akiwa amesimama getini: vichwa viwili ndani ya gari la chini chini, magurudumu ya mbele yametanuka kama miguu ya mtu anayejiandaa kusukumwa. Kwenye shimo kabla ya kona alitega sikio, akingoja mlio wa chuma aliowaahidi, ili apate cha kulaani. Hakusikia kitu. Gari likakata kona bila kulala upande, kama lilivyotakiwa, na ukuta ukawaficha.