Gari la Mwakio: Kutoka Batha hadi Bani Malik

Dada yangu Wakesho aliponipigia simu kutoka Jeddah hata hakunisalimu. Mwanawe wa pekee, Mwakio, ni askari kule nyumbani Kenya, na alikuwa amejitolea kwenda mpakani kuendesha yale magari yanayostahimili mabomu ya ardhini. Nafasi ya kubaki kwenye karakana ya kambini ilikuwapo, lakini hakuitaka. Alichotaka ni baraka za mama yake tu, na mama alikataa kuzitoa.

"Wewe uliyaendesha ulipokuwa jeshini," akaniambia. "Njoo unieleze uso kwa uso. Kwa simu watu hudanganya."

Mimi ni mlinzi wa ghala hapa Riyadh. Kafili wangu, mwajiri anayenidhamini hapa, si mtu mbaya, ila hupenda kuombwa mara mbili. Mara ya pili akasema, "Yalla, nenda. Lakini usichelewe kurudi."

Alhamisi asubuhi, Batha, mtaa wa Riyadh wenye soko na mabasi. Kabla ya kupanda basi nilimsikia mtu akibishania bei ya blanketi kwa Kiswahili cha Mombasa. Sikuwa na haja ya blanketi, lakini nilisimama pale nikisikiliza mpaka akalipa. Ukikaa ugenini utaelewa.

Nje ya mji jangwa likaanza, na kila basi liliporuka kidogo barabarani, mwili wangu ulikumbuka. Katika gari letu la jeshi tulikuwa sita. Kabla ya kuondoka, kamanda wetu alimwita kila mmoja kwa jina na kuuliza, "Mkanda?" Mtu akajibu, "Tayari!" Asipojibu, gari haliondoki. Wakati ule maswali yale yaliniudhi kweli. Leo natamani kuulizwa tena, nikiwa nimebanwa kati ya wale wajinga wangu, tukinuka dizeli na kutaniana mpaka machozi.

Taif tuliteremka kunyoosha miguu. Baridi ya milimani ilinipiga usoni na kwa kitambo nikawa Wundanyi, kwetu Taita. Kisha basi likashika njia inayozunguka Makka, ile tupitayo sisi tusio Waislamu, na jioni tukaingia kwenye joto la Jeddah linalokulowesha shati.

Ijumaa, Bani Malik, mtaa wa Jeddah. Madam anayemfanyia Wakesho kazi za nyumbani alimruhusu kutoka baada ya chakula cha mchana, tukakutana katika chumba kinachopangwa na wanawake wenzake wa Kenya. Alikuwa amepika kimanga, yaani maharagwe na mihogo iliyopondwa pamoja, vile alivyopika mama.

"Kula kwanza," akasema. Nilipomaliza akauliza, "Sasa. Gari likikanyaga bomu, mtoto wangu anakuwa wapi?"

Nikampeleka kwenye sinki. Nikachukua sahani bapa, nikaiweka chini ya bomba na kufungua maji kwa nguvu. Yakaturukia vifuani.

"We, unanilowesha!"

"Hilo ni gari la kawaida." Nikakunja sahani ya foili katikati, nikaweka ule mkunjo chini ya maji. Yakagawanyika, huku na huku. "Hili ni la Mwakio. Tumbo lake limechongoka hivi, na liko juu mbali na ardhi. Bomu hupiga kutoka chini, lakini nguvu yake hupita pembeni. Magurudumu hung'oka. Sisi tulipokanyaga bomu, gurudumu letu moja tulilikuta vichakani."

"Na nyinyi?"

"Viti havikufungwa sakafuni, dada. Vimening'inia kwenye kuta, kwa hiyo sakafu ikisukumwa juu, mgongo hauvunjiki. Miguu inawekwa juu ya kibao chake. Na mkanda lazima."

Akavuta mfuko kutoka chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na chupa ya chai ya chuma, nzito, na makopo ya tende. "Hii mpelekee Mwakio, anywee chai humo garini."

Nilicheka, naye akanuna. Ilibidi nimweleze kwamba bomu letu halikumjeruhi mtu. Aliyevunjika taya alipigwa na chupa ya chai iliyowekwa tu kando ya kiti. Kina mama wote wa askari hutuma chupa za chai. Humo ndani kitu kisichofungwa ni risasi.

Akairudisha polepole chini ya kitanda. "Na bomu likiwa kubwa zaidi?"

Hapo nilitamani kumdanganya.

"Likiwa kubwa mno, hakuna chuma kinachotosha."

Alinitazama sana. "Wote wananiambia usijali," akasema. "Wewe ndiye wa kwanza kunijibu."

Akampigia Mwakio palepale. Kijana akauliza, "Mama, umekubali?"

"Sijakubali. Nimejua tu. Piga magoti nikuombee."

Akamwombea kwa Kitaita, machozi yakimtiririka, nami nikainamisha kichwa nikilia vilevile.

Kurudi Riyadh sikuona jangwa sana. Nilikwenda nikidhani nitamwondolea dada yangu hofu. Sikuiondoa. Nilijifunza kwamba hakuniita kwa ajili hiyo. Alitaka tu mtu wa kuiangalia pamoja naye.

Tulipofika Batha nilimpigia Mwakio mwenyewe. Nilikuwa nimepanga maonyo chungu nzima, lakini sauti yake ya ujana ilinisahaulisha yote. Nikamwambia awapende wale watakaokaa naye humo ndani, maana atawakumbuka maisha yake yote, hata wale wanaokoroma.