Nilivyopotelea Kwenye Printa ya Baba Mkwe

Jamani, leo nacheka kwa sababu yameisha, lakini siku ile ardhi ya mtaa wa Buruburu ingepasuka ningejitumbukiza mwenyewe bila kusukumwa na mtu.

Tulikuwa tumeenda kwa kina Wanjiku, mchumba wangu, kujitambulisha, mimi na Mjomba Barasa na wazee wawili, nimevaa shati jeupe la kuazima (la Mjomba mwenyewe), na kwa kuwa mama yake Wanjiku bado alikuwa na shaka nami, maagizo niliyopewa njiani kutoka mtaani kwetu Umoja yalikuwa rahisi: kaa, nyamaza, tabasamu, maneno tuachie sisi. Ningeyashika yote kama si chai. Chai ilinipeleka msalani, na nikitoka msalani nikaona kichumba kiko wazi, na ndani, juu ya meza, chini ya kitambaa cheupe cha kufuma na chombo cha maua, kuna kitu chenye umbo ninalolijua hata gizani. Kazi yangu ni kutengeneza mashine za ofisi, sasa ningefanyaje? Nikafunua kidogo tu.

Ilikuwa printa ya zamani, zile zinazogonga herufi kwa sindano kwenye utepe wa wino, na karatasi yake ndefu yenye vitobo pembeni bado imo. Nikajiambia, dakika moja. (Fundi akisema dakika moja, nendeni mkalale.) Nikaiwasha, ikawaka taa nyekundu, inalalamika haina karatasi na karatasi hiyo hapo! Basi nikatulia. Kichwa chake cha kuchapia kilikuwa kimekwama, grisi imekuwa gundi, nikakilegeza polepole kwa kidole, kushoto, kulia, mpaka kikateleza. Utepe ulikuwa mkavu, nikauzungusha mpaka nikapata mahali penye wino. Bado taa nyekundu. Nikapiga magoti, nikachungulia kwa tochi ya simu, na huko chini kabisa nikaona kipande cha karatasi kama ukucha, kimezuia kile kijiulimi kinachohisi karatasi. Nikakivuta. Taa ikawa kijani. Nimefufua mashine nyingi, lakini hapo mwili ulinisisimka.

Sebuleni (haya nilikuja kusimuliwa) baba mkwe alikuwa amemwita Wanjiku na kumuuliza mbele ya wageni, kama ilivyo desturi, "Hawa watu unawajua?" Akasema anawajua. "Na kijana mwenyewe ni yupi?" Wote wakageukia kiti changu, kitupu. Mjomba jasho likamtoka, akaanza kueleza kwamba kijana ana haya sana, na mama mkwe akauliza, "Ama ametoroka?" Ndipo mimi, bila habari, nikabonyeza kitufe kinachoifanya iandike herufi zote yenyewe, na nyumba nzima ikajaa krrriiii, krrriiii.

"Si ndiye huyo," Wanjiku akasema. "Si mnamsikia?"

Walinikuta nimepiga magoti, shati la Mjomba lina wino tumboni, na mkononi nimeshika kile kitambaa cheupe, sijui nilianza saa ngapi kukifutia grisi. Mjomba akaniita kwa Kibukusu chetu jina nisiloweza kulirudia hapa. Lakini baba mkwe hakuniona hata kidogo. Alikuwa akizitazama herufi zikijipanga mstari kwa mstari, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Tulikuwa nayo ofisini," akasema taratibu. "Wakaitupa, nikaibeba. Kila fundi ananiambia niwauzie watu wa vyuma kuukuu."

Tukasimama sote, hata Mjomba, tukiitazama kama watoto mpaka ukurasa ukajaa. Kisha mzee akamgeukia Mjomba: "Binti mtapewa. Lakini huyu mtuachie."

Watu wakaangua kicheko, ila mimi macho yalikuwa kwa mama mkwe, maana kitambaa kile, Wanjiku alishaniambia, mama yake alikifuma kwa ajili ya siku hiyo. Alikichukua mkononi mwangu, akakikunja upande wenye grisi ukaingia ndani, akaniangalia kutoka shati hadi viatu.

"Mwanangu," akasema, "nenda ukanawe, chakula kinapoa."

Nilinawa kwa sabuni ya vyombo, nikasugua, wino ukakataa kutoka, nikala hivyo hivyo huku Wanjiku akijifunika uso kwa kicheko. Nimeapa: kwa wakwe, hata stima zikipotea, nitakaa gizani na mikono nimeikalia.