Nabwile na Gari Lisilonyamaza

Ukitaka kujua gari lako limeumbwa kwa bati la namna gani, mpelekee Nabwile. Ataugonga mlango kwa kifundo cha kidole, atainamisha kichwa asikilize, kisha atakwambia bila haya, "Hii si gari, baba, hii ni sufuria." Wala huwezi kukasirika, maana ni yeye huyo huyo atakayeigeuza sufuria yako iwe chumba cha kulala.

Mafundi wa injini Kitale ni wengi kuliko injini zenyewe. Fundi wa kunyamazisha magari, ninayemjua mimi, ni mmoja. Kibanda chake kiko ukingoni mwa Kipsongo, mabati matatu na turubai, na ndani yake wanawake wawili: Jeruto anayeshona viti, na Nabwile anayeng'oa kila kitu. Hutoa viti, akakunja zulia, akasugua bati mpaka ling'ae, kisha akabandika shiti nzito za lami zenye mgongo wa foili. Huzipasha moto na kuzikandamiza kwa kirola kidogo cha chuma hadi zishikane na bodi. Akimaliza hugonga tena, na safari hii gari hujibu kama debe lililojaa mahindi.

Harufu pia ni kazi yake. Aliyemwagikiwa na maziwa ya mursik, aliyesafirisha kuku wa Krismasi kwenye kiti cha nyuma, mwalimu aliyesahau samaki kwenye buti wiki nzima ya mitihani, wote humwendea wakiwa wameshusha vioo. Ukimjia na kale kamti ka manukato kanakoning'inia kwenye kioo, atakucheka usoni. "Umempaka mbuzi poda," atasema. Sheria zake ni mbili: harufu haifunikwi, hutolewa. Na shiti haibandikwi juu ya unyevu, hata mteja akilia machozi ya damu.

Gari moja tu hakuwahi kuligusa, nalo ni la mumewe. Wangila alikuwa na Probox nyeupe ya kubebea omena, wale dagaa wa ziwani, kutoka Bungoma hadi soko la Kitale, nayo ililia njia nzima kama ngoma ya tohara. Mkewe alikuwa akisema atalishughulikia mwezi ujao. Mganga hajigangi.

Kisha Wangila akaugua ini. Nabwile alimuuguza hospitalini, akilala ameketi, kichwa kwenye chuma cha kitanda, mpaka asubuhi moja hapakuwa tena na mtu wa kuuguza. Ikabidi marehemu arudishwe kwao Kabuchai, na gari lililokuwepo ni lake mwenyewe. Viti vya nyuma vikalazwa, jeneza likasukumwa ndani, mlango wa nyuma ukafungwa kwa kamba. Wanyonyi, mdogo wa marehemu, akashika usukani. Nabwile akajibanza kando ya jeneza.

Sasa, katika ukoo wa kina Wangila maiti hasafirishwi kimya kimya kama gunia la viazi. Mtu wa karibu huketi naye akimwelekeza njia: hapa tunatoka mjini, hapa ni kwa fulani, hapa tunapinda. Wenye ukoo husema kwamba asiyeambiwa hupotea, na kwamba mtoni ndipo wengi hupotelea. Nabwile alijua hayo yote. Alianza vizuri. Aliuaga mji wa Kitale kwa niaba ya Wangila, akamwonyesha kibanda walipokipita, akamwambia, "Hii ni Kiminini." Kisha usingizi wa siku zote zile za hospitali ukamwangukia kwa pamoja.

Aliamka gari limesimama langoni Kabuchai.

Mama Phelista, mama yake Wangila, alikuwa amekwisha kutoka nje. Hakuuliza habari za safari. Alimtazama mkwewe, akaona alama ya ubao wa jeneza kwenye shavu lake, akaelewa.

"Mtoni Kamukuywa, nani alimwambia anavuka?"

Wanyonyi akatazama usukani.

"Mayi, nilishikwa na usingizi," Nabwile akamwambia mama mkwe.

Mama Phelista akaweka mikono kichwani. Hakumtukana, na afadhali angemtukana. Siku zote za matanga hakumwambia neno lingine. Wanawake walipopiga mayowe kaburini, Nabwile alisimama mdomo umefungwa, maana aliona kwamba aliyelala njiani hana haki ya kulia mbele za watu. Watu nao, ulimi hauna mfupa, wakasema ona mjane mwenye macho makavu.

Alirudi Kitale na gari, na gari likarudi na mambo yake.

Kwanza ilikuwa sauti. Kwenye lami, mwendo ulipopanda, ilitoka nyuma sauti ya kusafisha koo. Si kelele za siku zote za bati. Ilikuwa ile "hmm-khm" ya Wangila alipotaka kusema jambo asilolipenda, naye alikuwa mtu wa kusafisha koo sana kabla ya kusema. Nabwile alipunguza mwendo, sauti ikanyamaza. Alipokanyaga mafuta ikarudi. Kisha ikaja harufu. Omena aliizoea, hiyo ilikuwa harufu ya ndoa yake. Lakini chini ya omena palikuwa na kitu kikali na baridi, dawa ya chumba cha maiti, na ilimngoja kila asubuhi alipofungua mlango.

Aliogopa. Nisiseme alishuku au aliwaza. Aliogopa, akawa anaendesha dirisha likiwa wazi hata kwenye mvua.

Siku moja alifunga turubai la kibanda, akalishambulia lile gari. Alitoa viti. Alibandika milango, paa na kuta za nyuma. Alipofika sakafuni, pale jeneza lilipokuwa, mkono ukakataa kuinua ile sponji kuukuu iliyo chini ya zulia. Basi fundi wetu, mwenye sheria kali kama za shule ya bweni, akazibandika shiti zake juu ya sponji yenyewe, tabaka juu ya tabaka, akakandamiza kwa kirola huku uso ameugeuzia mlangoni. Hilo ni kosa ambalo mwanafunzi wa juma la kwanza angefukuzwa kazi kwalo.

Sauti ilipungua ikawa mnong'ono. Harufu iliongezeka maradufu.

Jeruto alivumilia siku kadhaa, kisha uvumilivu ukamwisha. "Nabwile, si uongee ukweli. Mteja akikuletea gari imebandikwa hivi, ungemwambia nini?"

"Ningemwambia amefunga fisi ndani ya nyumba."

"Haya. Sasa fungua, bana. Nitakushikia."

Walifungua wote wawili. Jeruto, ambaye ni mtu wa kanisa, aliomba kwa Kinandi chake chote shiti zilipokuwa zikitoka vipande vipande, na sponji ikainuka ikichuruzika. Ilikuwa imelowa maji tepetepe. Chini yake, kwenye shimo la tairi la akiba, kizibo cha mpira kilikuwa kimetoka, labda kwenye mashimo ya barabara ya Kabuchai siku ile ile. Upepo wa barabarani ulipuliza hapo, na hapo ndipo koo lilipokuwa likisafishwa. Maji yaliingia hapo, na maji yakaihifadhi kila harufu iliyowahi kupita.

"Umeona?" Jeruto akasema. "Ni kizibo tu."

Nabwile akacheka, cheko refu lililomtisha yeye mwenyewe. Walichoma ile sponji. Walisugua bati kwa sabuni, siki na magadi, wakaliacha juani milango wazi, wakajaza karai la makaa baridi ndani lilale humo livute harufu. Akaweka kizibo kipya. Akabandika upya, safari hii kwa sheria zake zote. Alipogonga sakafu, ilijibu vizuri kuliko gari lolote alilowahi kulitengeneza.

Ningependa kukwambia mambo yaliishia hapo. Jeruto alidhani yameishia hapo.

Asubuhi iliyofuata Nabwile aliendesha kwenda kwa mteja Kiminini. Gari halikunong'ona. Lilinuka sabuni tu. Na katika ukimya ule, alioutengeneza kwa mikono yake, alitambua kwamba hayuko peke yake. Hakusikia kitu wala hakuona kitu. Ni vile mtu anavyojua, akiwa jikoni mgongo ameupa mlango, kwamba aliyeingia ameketi. Kelele na harufu vilikuwa vimemkinga na hilo.

Aliingia kituo cha mafuta mwanzoni mwa Kiminini. Kijana wa pampu akazunguka nyuma ya gari, akapiga mluzi.

"Mathe, umebeba nini? Nyuma imelala kabisa."

"Sijabeba kitu."

"Si ucheki mwenyewe."

Alishuka akatazama. Gari lilikuwa tupu, limefagiwa, na nyuma limekalia matairi kama siku za magunia ya omena.

"Labda springi zimechoka," kijana akasema, kwa huruma.

Nabwile alisimama pale, shilingi zake mkononi. Mama Phelista alikuwa akiogopa kwamba mwanawe amebaki mtoni. Lakini huenda hakubaki mtoni, Nabwile akawaza. Huenda hakuteremka kabisa. Watu waliteremsha jeneza, wakaimba, wakazika, na hakuna hata mmoja aliyemwambia Wangila kwamba ndiyo, hapa ni nyumbani, shuka.

Hakwenda kwa mteja. Aligeuza gari upande wa Kamukuywa, akaanzia pale pale alipokuwa ameachia.

"Wangila. Hii ni Kiminini. Nililala hapa, unisamehe. Sikuwa nimekuchoka, nilikuwa nimechoka tu." Akaendelea na safari. Alimwonyesha mahindi ya watu yaliyotoa ndevu. Alimwambia mvua imewahi. Mtoni alisimamisha gari katikati ya daraja, lori likampigia honi kwa hasira nyuma yake, naye hakujali. "Huu ni mto. Maji yako chini yetu. Tunavuka, na mimi niko macho." Akavuka polepole. Kimilili akamtajia, Chwele akamtajia na kumkumbusha ng'ombe waliyemnunua hapo akawa mwizi wa mboga za jirani. Njia ya kuingia Kabuchai, katikati ya miwa, alikuwa akiongea kama mtu anayeongea na mumewe, yaani akilalamika kidogo.

Mama Phelista alikuwa akianika maharage uani. Aliona gari la mwanawe likiingia bila kelele hata ya jani, akainuka na ungo mikononi.

"Umekuja na nani?" aliuliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa mkwewe tangu siku ile langoni.

"Nimemleta, mayi. Nimemwambia njia yote. Mtoni nimemwambia."

Mama mkwe hakuuliza amemleta vipi mtu aliyekwisha kuzikwa pale nyuma ya nyumba. Alitua ungo. Alijifunga leso vizuri kiunoni, kama anavyofanya mgeni wa heshima akija, akaenda nyuma ya gari, akaufungua mlango mpaka juu, kisha akasogea kando kumpisha mtu.

"Shuka, baba," akasema. "Umefika kwenu. Shuka upumzike."

Upepo ulitikisa miwa, kisha ukatulia. Nabwile alikuwa ameshika usukani bado, na mgongo wake ndio uliomwambia kwamba kule nyuma sasa hakuna mtu. Alitaka kugeuka. Alitaka kusema subiri. Mlango ulikuwa wazi, na hapakuwa tena na wa kumsubirisha.

Alitoka akaanguka magoti kwenye vumbi la ua, na yowe likamtoka, lile alilolizuia kaburini, likasikika mpaka kwa majirani wakaanza kuja mbio wakiuliza ni nani amekufa.

Mama Phelista aliketi chini kando yake, akamvuta kichwa mapajani.

"Ni Wangila," akawajibu watu. "Mwacheni mjane wake alie."