Pombe Ilikuwa Yangu, Aibu Akaibeba Mama Mkwe

Nimekosa, jamani, na sina wa kumsingizia. Jambo hili nimekaa nalo miaka mingi mpaka limenichosha, hata kulikumbuka kwenyewe nimechoka. Jina langu niachieni. Watakaonitambua, basi, wanitambue.

Mimi ni mke wa mtu, naishi Buhare, pembeni ya mji wa Musoma. Kazi yangu ni kupika pombe ya ulezi. Ukiniona hutadhani, maana nimeokoka na Jumapili nakaa benchi la mbele. Nilikuwa nakaa, niseme ukweli. Hilo nitalifikia.

Nilianza ile miaka ya shida. Waliokuwepo wanajua. Sukari hakuna, sabuni hakuna, bia ya chupa unaisikia tu kwa wakubwa. Mume wangu alikuwa kiwandani, na mshahara wake ulikuwa hautufikishi popote. Nikajisemea, watu hawataacha kunywa eti kwa sababu chupa zimeadimika. Kwa nini nisijifunze kupika kidogo kidogo, ndoo moja moja, hapa hapa nyumbani?

Wa kunifundisha alikuwepo. Mama mkwe wangu, kule Nyamuswa, ndiye aliyekuwa akiitwa kila penye harusi, kila penye matanga, kila penye kazi ya shamba ya pamoja. Watu walikuwa wanauliza kwanza nani amepika, ndipo waulize sherehe ni ya nani. Nikafunga mzigo, nikaenda kukaa kwake mwezi mzima.

Alinipokea vizuri mno, na hakunificha kitu. Ulezi unaulowesha, unaufunika kwa gunia lenye unyevu, ukishachipua unauanika mpaka ukauke kabisa. Hicho ndicho kimea. Unakisaga, na ndicho kinachokuja kuchachusha unga wa muhogo uliokaangwa kwenye bati. Aliniambia mengine yote ukikosea yanarekebishika, ila kimea hakirekebishiki. Kikauke mpaka ukikitafuna kilie kati ya meno.

Halafu kuna kuonja. Kule kwetu mpishi ndiye anayekunywa kata ya kwanza mbele ya watu wote, ili waone hakuna kitu kibaya ndani. Anayeonja ndiye mwenye pombe. Mimi na wokovu wangu nikamwambia mama kwamba kuonja sitaweza, kanisa langu haliruhusu. Kupika naweza, kunywa hapana! Yaani nilikuwa najidanganya mchana kweupe. Mama akacheka, akasema basi ataonja yeye kwa niaba yangu.

Pombe yangu ya kwanza ilipangwa iwe ya palizi. Shamba la pamba la mama lilikuwa limezidiwa na majani, na majirani kama kumi na watano walikubali kuja kumpalilia. Kazi kama ile haina malipo, watu wanakunywa pombe wakimaliza, na ndiyo shukrani yenyewe. Mama akaniachia kila kitu, kuanzia kulowesha ulezi mpaka kuchuja. Akasema safari hii yeye ni mgeni tu.

Kimea changu kilichipua vizuri, nikakianika uani. Siku ya pili yake ikasikika kwamba duka la kijiji limeleta sabuni za mche. Sabuni! Wakati huo tulikuwa tunafulia majani ya mpapai. Mama alikuwa shambani. Niliangalia juu, nikaliona wingu, nikaliona kabisa, nikasema nitawahi.

Sikuwahi. Mvua ilinikuta kwenye foleni, mbele yangu wamebaki watu sita au saba. Nilijua kimea kiko nje. Nikabaki pale pale, kwa ajili ya mche mmoja wa sabuni.

Niliporudi kimelowa chote. Nikakizoa, nikakitia kwenye gunia, nikalisukumia chini ya kitanda ili mama asione. Nikamwonyesha sabuni, akafurahi sana, akainusa mara mbili. Siku tatu baadaye nikalitoa gunia: kimeota ukungu, kijani na cheusi, kinanuka kama nguo zilizosahaulika kwenye beseni. Nikakisugua kwa mikono, nikakianika upya kwenye jua kali, nikakisaga haraka haraka.

Mama aliniuliza mara moja tu.

"Kimea kilikauka vizuri?"

"Kilikauka, mama."

Sikutetereka hata kidogo. Na ningesema hapana, ingekuwa nini? Angenipa ulezi mwingine, palizi ingesogezwa wiki moja, mambo yangeisha. Hicho ndicho kitu kidogo nilichokiogopa.

Siku ya palizi watu wakalima vizuri, wakaja kukaa uani na njaa yao. Mama akachota kata ya kwanza, akanywa. Alitulia kidogo, kama mtu anayekumbuka jambo. Kisha akasema imeiva, karibuni.

Kufika asubuhi, Mungu wangu, majirani wote walikuwa vichakani. Kutapika, kuharisha! Mzee Wambura, ambaye shamba lake lilipakana na la mama, alibebwa juu ya kitanda mpaka zahanati, na wiki nzima hatukujua kama atarudi. Ile sabuni yangu iliisha kwa kufua mashuka ya wagonjwa. Alirudi yule mzee, Mungu ni mwema, ila hakukanyaga tena uani kwa mama.

Kabla hajarudi, wazee wa pale walikuja nyumbani. Hawakupiga kelele. Waliuliza tu pombe ile ilikuwa mkono wa nani. Mimi nilikuwa nimesimama na jagi la maji niliyowaletea. Nilifikiria watakavyonisema: mke wa mjini, mlokole, amekuja kutuua.

"Mkono ni wangu," mama akasema. "Si mliniona nikionja?"

Basi. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana. Waliacha tu kumwita. Harusi zikapita, matanga yakapita, wakaita wengine. Wapo walionong'ona kwamba labda aliweka kitu makusudi. Mitungi yake ikakaa imeinamishwa ukutani mpaka buibui wakajenga humo.

Mimi nikarudi Buhare na ujuzi wake wote kichwani, na nikashamiri! Hata mambo yalipokuja kufunguliwa, maduka yakajaa, kreti za bia zikarudi Musoma kwa malori, wateja wangu hawakunikimbia. Mpaka watu wa Iringo, kule mjini, walikuwa wanatuma kwangu. Wakiniuliza nani alinifundisha, nilikuwa nasema nilijifunza mwenyewe tu. Hilo nalo liandikeni kwenye makosa yangu.

Miaka ilienda. Mama akaugua miguu na kifua, tukamleta kwangu awe karibu na hospitali. Mchana mmoja alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, mimi nimeanika kimea, manyunyu yakaanza. Niliacha kila kitu, nikakimbia kukiokoa, nikakiingiza ndani chote. Nikamsikia anacheka nyuma yangu.

"Siku hizi unakimbiaga," akasema.

Nikasimama na ungo mkononi.

"Kimea kikilowa sisi tunawapaga kuku, mwanangu. Siku ile nilipoonja nilijua. Nikasema ni uchanga wa mkono tu, watu watakunja uso, watakunywa, yataisha. Sikuweza kuitema mbele yao, nikuaibishe."

Nikamuuliza kwa nini basi hakuniambia miaka yote hiyo. Akaniangalia, na wala hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Nilikuwaga nakungoja wewe useme."

Mnafikiri nilipiga magoti? Sikupiga. Nilimwambia wiki ijayo naenda Nyamuswa kuwaambia wazee ukweli. Wiki hiyo nikapata oda ya harusi. Iliyofuata nikapata nyingine. Mama akafariki kabla sijapanda basi. Nilipopanda, nilikuwa nasindikiza jeneza lake, na kwenye matanga yake waliokuja walikuwa wachache na walikunywa pombe ya mpishi mwingine. Nilikuwa pale, nikagawa vikombe, nikanyamaza tena!

Sasa hivi kila pombe ninayopika naonja mwenyewe kata ya kwanza, mbele ya watu. Kanisani walisikia, wakanitenga. Nakaa benchi la nyuma, meza ya Bwana naiangalia kwa mbali, na siwalaumu. Nimechoka tu.

Wewe unayeanza leo na ndoo yako moja, nisikilize. Pombe ya kwanza kila mtu anaiharibu, usione haya. Mwaga, kimea wape kuku, loweka ulezi mwingine. Ukiulizwa kama kimekauka na hakikukauka, sema hakikukauka, hata kama majirani wameshabeba majembe. Na usikubali hata siku moja mtu mwingine aonje ulichopika wewe.

Nanyi wa Nyamuswa mliobaki, mliokunywa siku ile ya palizi ya pamba: yule mama hakuwafanyia kitu. Alionja tu. Mkono ulikuwa wangu.