Miguu ya Mama Mtumbwini

Baba mdogo alianza kuugua mguu siku moja kabla afisa maendeleo ya jamii hajaja kukagua mradi. Mimi nilianza kuugua tumbo asubuhi ya siku yenyewe, mbele ya mwalimu wa zamu. Ukoo wetu una magonjwa yanayojua kalenda.

Mradi wenyewe ni juisi ya ndizi. Mama na wanawake wenzake wanne walikuwa wameomba mkopo wa halmashauri, ule wa wanawake usio na riba, wanunue mapipa na chupa. Katiba ya kikundi ilikuwepo, muhuri wa kijiji ulikuwepo. Kilichobaki ni afisa aone kwa macho yake kwamba kikundi kinafanya kazi, si kikundi cha kwenye makaratasi. Asiporidhika, fomu inarudi nyumbani.

Na kazi ilimtegemea baba mdogo. Kwetu Karagwe ndizi hukanyagwa kwa miguu ndani ya mtumbwi, gogo lililochongwa ambalo halijawahi kuona ziwa. Anayekanyaga ni mwanaume. Wanawake huivisha ndizi shimoni, humenya, hukata nyasi za kukanyagwa pamoja na ndizi ili juisi ikamuke, huchota maji, halafu husimama pembeni kama waliokuja kutazama mpira. Mwanamke akiingia mtumbwini, wanasema, ndizi hukasirika na juisi haitoki. Nilipouliza nani aliongea na ndizi, nilitumwa kisimani.

Baba mdogo alijua thamani ya miguu yake. Alimwambia mama mkopo upitie kwake, kwa sababu pesa ya serikali mikononi mwa wanawake huishia kwenye vitenge. Mama akamjibu kwa upole kwamba katiba haimtaji. Mguu ukaanza kuuma palepale.

Siku ya ukaguzi ndizi zilikuwa zimeiva hadi nyuki wamehamia uani. Zisingengoja kesho. Afisa, dada mmoja mwenye buti zilizojaa tope, akashuka kwenye bodaboda, tukaamkiana. Akautazama mtumbwi mkavu, akafungua faili, akauliza mkanyagaji yuko wapi.

Baba mdogo alikuwa ameketi kwenye kigoda, mguu wa kulia kaufunga kitambaa, amekuja kutuonea huruma. Nikampa shikamoo, nikamuuliza kwa heshima zote kama huo ndio mguu wa jana, maana jana alichechemea wa kushoto.

Mama hakucheka. Alikuwa anaosha miguu kwa sabuni, taratibu, hadi magotini.

"Mkanyagaji ni mimi," akamwambia afisa. "Andika."

"Shemeji, utatuharibia ndizi," baba mdogo akasema.

"Ndizi zetu, shemeji. Wewe uguza mguu."

Akaingia. Nilidhani bibi, mama yake baba mdogo, atapiga yowe. Bibi aliokota nyasi, akazitupa mtumbwini, akasema walizokata ni chache mno.

Mwanzoni hakikutoka kitu, ni uji mzito tu, na baba mdogo akaanza kutabasamu. Mama akawaita wenzake. Akaingia wa pili, wa tatu, kisha mimi binti yake, tumbo likiwa limepona ghafla. Tulikanyaga tumeshikana mabega, tukiteleza, hadi mapaja yakawaka moto. Povu likatokea. Kisha juisi ikaanza kuchuruzika, nzito, ya rangi ya asali, na nyuki wakatufuata miguuni.

Afisa akaonja, akaandika ukurasa mzima. Mama akamjazia shemeji yake kikombe, akampelekea kwa mikono miwili, goti limekunjwa kidogo, kama adabu inavyotaka. Alikimaliza bila kupumua, akakirudisha kikitaka kujazwa.

"Cha pili kinanunuliwa," mama akasema.

Kesho yake shuleni mwalimu wa zamu aliniona natembea kama kuku aliyefungwa kamba, akauliza kama tumbo limeshukia miguuni. Nilisema ndiyo. Fimbo nazo nilizipokea.

Mkopo ulitoka baadaye, kwa jina la kikundi, na haukupitia kwa mtu. Mguu wa baba mdogo ulipona wiki hiyohiyo. Alikuja kuomba kibarua cha kukanyaga. Mama akamwambia nafasi ipo, ila ni ya kumenya.