Haijulikani

Jirani yangu hapa Mkomaindo anachoma korosho, na moshi mkali wa maganda umenirudisha utotoni, uani kwetu Newala.

Mama alikuwa akigeuza korosho motoni. Dada yangu alikuwa akinifundisha maswali ya kufikiri kwa maneno, maana nilitaka kuingia shule ya bweni na maswali hayo yalikuwa yananishinda.

"Kila mwenye shamba Mnyambe ana mikorosho. Bibi ana mikorosho. Je, bibi ana shamba Mnyambe?"

"Ndiyo."

"Nani kakwambia? Usijibu unachotaka wewe. Jibu yanachosema maneno. Kama hayatoshi, sema haijulikani."

Mama akauliza bila kuinua kichwa, "Baba yenu aliondoka akisema atarudi. Je, atarudi?"

Dada alinikazia macho. Nami nilitamani sana kusema ndiyo.

"Haijulikani, mama."

"Umepata," mama alisema, akaendelea kugeuza korosho zake.

Mtihani nilikuja kuufaulu baadaye. Lakini jioni ya siku ile ya maswali mama alipakua ugali wa muhogo, na kwa mara ya kwanza tangu baba aondoke, hakumtengea sahani yake.